Kisanduku cha Nne

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne na kusokomezwa ndani ya soksi ya kazini, na mwanamume hafichi karatasi kwenye soksi bila sababu. Mkewe aliikunjua akiwa amesimama vilevile.

"Andika watoto wako wote wa damu," fomu ya hospitali ilisema. Kwenye mstari wa kwanza mumewe alikuwa ameandika jina, kisha akalifuta mpaka karatasi ikatoboka.

Mstari wa kwanza! Yaani alizaa nje hata kabla ya ndoa?

Mwezi uliopita, mumewe huyo, fundi seremala, alikuwa ametolewa uvimbe wa saratani kwenye figo. Daktari akagundua kwamba kinasaba chake kimoja kina tofauti ya kurithi inayoleta hatari hiyo, na kila mtoto wa damu yake huenda anayo, nusu kwa nusu. Wakipimwa sasa, wenye nayo watafuatiliwa na uvimbe utawahiwa ukiwa mdogo. Kwa hiyo waletwe wote, asibaki hata mmoja.

Wote. Neno hilo lilimkosesha mke raha. Asubuhi moja alimkuta mumewe karakanani, simu sikioni, amejibanza nyuma ya mbao.

"Ni jambo la watoto, dokta. Mke wangu hajui."

Mke alirudi nyuma kimyakimya. Aliapa moyoni kwamba akitajwa mtoto wa nne, zaidi ya watatu wao, yeye na fundi basi, atafunga virago siku hiyohiyo, figo au si figo.

Siku ya vipimo, fundi alijaribu bahati yake. "Mama watoto, si upumzike tu nyumbani? Nitawapeleka mwenyewe."

"Sijachoka," alijibu mkewe, mkoba tayari begani.

Hospitalini daktari alitandaza karatasi nyeupe mezani. Alichora kisanduku: "Huyu ni wewe." Alichora duara pembeni: "Huyu mama." Kisha akashusha mstari. "Sasa watoto. Wa kiume visanduku, wa kike maduara."

Fundi alikohoa, akamtazama mkewe.

"Ngoja nikawaangalie watoto," mke alisema kwa sauti tamu kupita kiasi. Alitoka na kuuacha mlango wazi kidogo, akasimama nyuma yake.

Kwenye benchi la ukumbini watoto wake watatu walikuwa wakisukumana. Kifungua mimba alikuwa na penseli nyuma ya sikio kama baba yake. Fundi hachoki kumsifu huyo mbele ya wateja: alizaliwa wa miezi saba, lakini kilo tatu na nusu! Mama aliweka kidole mdomoni kuwaashiria wanyamaze, akarudisha sikio mlangoni.

"Sasa tuko wawili," daktari alikuwa akisema. "Niambie ukweli, maana hapa kukosea ni hatari. Wa damu yako ni wangapi?"

Mnafiki mkubwa, mke akawaza. Sema wanne, nikusikie.

"Wawili," fundi alisema. "Lakini yule mkubwa naye mtoeni damu kama wenzake. Asije akajiuliza."