Mama Funguo Haendi Popote

Kinyesi kilikuwa darini. Kikavu, cha miaka mingi, kimegandia mbao za juu kabisa, ambako hata ngazi ya wapaka rangi haikufika.

"Farasi wa mabawa hao," Mama Funguo alimwambia karani mpya bila kuinua macho. "Hawakuwa na adabu. Kitoe ukiweza, mimi nimeshakata tamaa nacho."

Karani naye alikuwa hoi. Tangu alfajiri alikuwa akipandisha maboksi na kuyashusha, miguu imemvimba ndani ya viatu. Siku hiyo ndiyo aliyokabidhiwa muhuri: yeye ndiye mkuu mpya wa jengo, na jengo lilikuwa limegeuzwa Ofisi ya Vibali. Kabla yake lilikuwa chuo cha waita mvua, ndiyo maana kuta zilikuwa na ukungu mpaka kiunoni. Kabla ya chuo, zizi la farasi wale. Na kabla ya farasi, hospitali ya homa ya kivuli, ugonjwa uliomnyang'anya mtu kivuli chake kwanza, uhai baadaye. Enzi hizo, mgonjwa akitoroka wodini, nyumba yake ilipigiliwa misumari na watu wake wakiwa ndani. Sheria ile ilikuwa ingalipo. Mji huu ni hodari wa kutunga sheria, lakini kufuta hauna nafasi.

Enzi zote hizo Mama Funguo alikuwapo. Kila mlango wa jengo ulikuwa na ufunguo wake, na funguo zote zilining'inia kiunoni mwake.

Asubuhi, karani alipomwamkia, bibi aliitikia haraka haraka kisha akamwuliza, "Wewe unatia sahihi, mwanangu?"

"Natia, mama."

"Basi nitasubiri. Maliza mambo yako, halafu upite chumbani kwangu."

Mambo yenyewe ndiyo hayo sasa. Amri kutoka juu ilisema asiyekuwa kwenye daftari la wafanyakazi atolewe kabla ya saa kumi alasiri. Karani akakaa na madaftari. La chuo, Mama Funguo hayumo. La zizi, farasi wote wamo, hata mmoja aliyekufa kwa kuhara, lakini Mama Funguo hayumo. Karani akaona uchungu. Mtu amefagia nyumba hii tangu ujana wake, halafu mstari mmoja tu wa kuandikwa jina hakupewa.

Akachungulia dirishani. Bibi alikuwa kwenye benchi la getini, amevaa nguo safi, kifurushi chake mapajani. Maskini, keshajiandaa kufukuzwa, karani aliwaza.

"Bibi huyo hatoki hata kwenda kununua chumvi," alisema nyapara wa wapaka rangi. "Hutuma watu. Mwenzangu, anapapenda hapa kuliko mimi ninavyopapenda kwangu."

"Wakuu waliopita walimfanyia nini?"

"Kila mmoja alimwongezea funguo."

Karani hakuwa mtu wa ujasiri. Miaka ishirini amegonga muhuri pale alipoambiwa agonge, na hakuna aliyewahi kumwuliza anaonaje. Lakini siku hiyo alichoka mpaka woga ukachoka naye. Akachukua karatasi safi, akaandika kwa mkono wake kwamba mwanamke huyu ni mtunza jengo wa kudumu, na asiondolewe hapa na mtu yeyote, kwa sababu yoyote, maisha yake yote. Akatia sahihi. Akagonga muhuri mara mbili, liwalo na liwe.

Ilikuwa bado nusu saa kufika saa kumi alipotoka kwenda getini, anachechemea na anatabasamu. Hakukumbuka mara ya mwisho kazi kumfurahisha.

"Mama, yamekwisha. Huendi popote."

Mama Funguo alikaza kifurushi mapajani. "Nilidhani leo utaniambia niende."

"Nani akuambie uende? Thubutu. Utakaa humu mpaka siku yako ya mwisho. Nimeshaandika."

Akamsomea karatasi yote, neno kwa neno, mpaka tarehe. Machozi yalimtoka bibi, naye akayaacha yashuke. Karani akageuza uso, maana ya kwake nayo yalikuwa karibu.

"Hakuna namna nyingine?" bibi aliuliza.

"Nyingine ya nini, mama? Hii ni ya kudumu."

"Ahsante, mwanangu." Alisema polepole sana. Kisha akauliza, "Na kitandani kwangu umefika?"

"Naenda sasa hivi. Nitawaambia wapaka rangi wasikiguse."

Alipanda ngazi akishikilia ukuta. Chumba cha bibi kilikuwa mwisho wa korido, kimefagiwa, hakina kitu ila kitanda cha chuma, kilichobaki peke yake katika vile vya hospitali. Karani alikizunguka aone kama miguu yake ni mizima. Kwenye chuma cha miguuni kilining'inia kibao cha mgonjwa, na juu yake karatasi iliyogeuka rangi ya chai, ila haikuwa na chembe ya vumbi. Mwandiko ulikuwa wa daktari mwenye haraka, na mstari wa sahihi chini yake ulikuwa mtupu. Karani akainama, akasoma.

"Mwanamke, miaka kumi na tisa. Homa imekwisha, kivuli kimerudi. Ameacha mtoto mchanga nyumbani. Aende akanyonyeshe, mara tu mkuu wa jengo atakapotia sahihi hapa."