Orodha ya Chumba cha Tisa

Nesi Tierney alinawa mikono mara ya pili katika nyumba ile ile. Maji ya dawa yakaingia kwenye mipasuko ya vidole vyake, yakawasha kama pilipili. Alisugua hadi kwenye viwiko huku amekipa mgongo kitanda alicholala Peppino, akikoroma kwa shida.

"Utajichuna ngozi, binti," alisema Nonna Filomena, akimfunika mtoto vizuri.

"Itaota nyingine, Nonna. Twende."

Ugonjwa wa dondakoo uliingia chumba cha tisa baada ya Krismasi, katika shule ya mtaa wa Waitaliano, New York. Mwanafunzi mmoja, Concetta, alizikwa Januari. Sasa ilikuwa Februari, wagonjwa walikuwa saba, na kila wiki jina liliongezeka. Daktari wa shule alichoma penseli zote, maana ziligawiwa asubuhi na kukusanywa jioni, na watoto walizilamba. Kikombe cha bombani, kile cha mnyororo walichonywea wote, kikaondolewa. Kisha akampa Tierney orodha ya darasa zima: awaone wagonjwa majumbani mwao, halafu awakague koo na wale wazima, mmoja mmoja.

Shida ilikuwa milango. Akina mama walijua kwamba nesi hubandika kadi nyekundu ya onyo mlangoni na kuwapeleka watoto hospitali. Wiki ya kwanza alifunguliwa nyumba nne tu. Wiki ya pili akampata Filomena, ambaye wote walimwita Nonna, yaani Bibi, mkunga aliyewazalisha nusu ya wanawake wa mtaa ule. Yeye akigonga na kutaja jina lake, komeo linatoka.

Nonna hakutaka malipo. Alikuwa na Rosina, mtoto wa marehemu binti yake, ndiye pekee aliyebakiwa naye duniani. Rosina alikuwa jina la mwisho katika orodha, na bado mzima. Wenzake wakipona, Nonna alisema, na wake atapona.

Kwenye ngazi walipumzika kila ghorofa. Nonna aliugusa mkufu wake uliozama ndani ya gauni. Tierney alijua kinachoning'inia humo: kidani cha fedha chenye sura ya Mtakatifu Biagio, anayeombwa na wenye maradhi ya koo. Daktari aliwahi kukicheka kile kidani, na tangu siku hiyo Nonna hakukitoa tena mbele ya watu wa hospitali.

"Umechoka, binti."

Tierney alikiri kwamba amechoka. Kilichomchosha zaidi ya ngazi ni hesabu moja asiyoielewa. Waliougua siku hizo walikuwa wale wale aliowakuta wazima. Peppino koo lake lilikuwa safi Jumatatu. Ijumaa hakuweza kumeza hata maji. Alipomweleza daktari, daktari alimtazama vidole, akamuuliza kama kweli ananawa. Ndipo alipoanza kunawa mara mbili kila nyumba. Vijiti vya kukandamizia ulimi alivitia motoni, kila mtoto na chake.

Kwa akina Esposito, mama na mabinti walikuwa mezani wakifunga maua ya kitambaa ya kofia. Mama hakuinuka. Alimwambia Nonna kwamba hata mchinjaji hamkagui ng'ombe ulimi namna hii, na mchinjaji angalau hununua ng'ombe wake. Mabinti wakacheka. Tierney naye angecheka kama angekuwa na nguvu. Koo la mtoto wao wa chumba cha tisa lilikuwa safi. Alilitia alama jina lake kwenye orodha, akaenda kwenye beseni, akamwacha Nonna akimtuliza mtoto, kama kawaida yao.

Jina moja likabaki.

Chumba cha Nonna kilinukia vitunguu na sabuni. Rosina alikaa kitandani, nywele zimesukwa, mdomo ameshaufungua kabla hajaambiwa. Tierney alimgeuza uso kuelekea dirishani, akachungulia. Akachungulia tena. Hakuna utando mweupe, hakuna uvimbe.

"Mzima," alisema, akalitia alama jina la mwisho.

Nonna alijifuta macho kwa aproni. Alisema Mungu amlipe, maana yeye hana cha kumlipa.

Tierney akaenda kunawa. Hapa, juu ya beseni, kilitundikwa kioo alichokuwa akinyolea ndevu marehemu mume wa Nonna. Alisugua vidole, akasugua viganja, akaanza upya. Kisha akainua macho.

Kiooni, nyuma yake, Nonna alikuwa ameuvuta mkufu kutoka kifuani. Yule mtakatifu wa fedha alikuwa tayari midomoni mwa Rosina.

"Mbusu vizuri, roho yangu," bibi alinong'ona. "Wenzako wote wamembusu. Leo tumeanza na Peppino."