Mtu wa Nyumbani

Siku hizi nahodha akitaka kuvuka ziwa katika dhoruba, sheria inamtaka ampandishe kivukoni mtu mmoja wa nyumbani kwake. Nahodha Kokubanza hakuwa na mwingine ila mumewe, Rwegasira. Asubuhi hiyo mumewe alikuwa amekwisha vaa, anamsubiri. Gatini palikuwa na mama mjamzito wa kukimbizwa hospitali ya ng'ambo.

Kokubanza aliyatazama mawimbi kwa muda mrefu.

“Leo hatuvuki,” alisema.

Saa sita akapigiwa simu: yule mama amefariki.

“Ingekuwa siyo mimi wa kupanda,” Rwegasira alimuuliza polepole, “ungevuka?”

“Ningevuka.”

Kokubanza akapakua ndizi za mchana, akashangaa kwamba alikuwa na njaa.