Kilio cha Nakijwa

Siku hizi kijana halii bila wimbo. Kidude alichopandikizwa sikioni kikihisi huzuni, kinampigia wimbo wa Kiingereza wa kuliza. Wimbo ukiisha, na machozi yamekwisha.

Tulipomzika mdogo wangu Mbonea, aliyeuawa na vumbi la kiwanda cha saruji, wanawake tulikaa mkekani kumsubiri binti yake Nakijwa alie kwa maneno. Kwetu mtoto wa kwanza humlilia mzazi kwa kutaja kilichomuua, watu wote wasikie. Mimi nilimlilia baba yetu kutwa nzima, na wezi wa shamba lake nikawataja mmoja mmoja, wakiwa wamekaa pale pale.

Nakijwa akafumbua kinywa, akaimba kwa Kiingereza habari za mvulana aliyemwacha mpenzi wake mvuani. Vijana wote uani wakaitikia kwa kwikwi.

“Mwanangu, sema na baba yako. Lile vumbi je?”

“Subiri, shangazi, unakaribia kuisha.”

Ukaisha. Akajifuta uso, akauliza kama chai imebaki.

Meneja wa kiwanda, aliyepewa kiti cha mbele, akaniinamia.

“Poleni, mama. Binti yenu ana sauti nzuri sana.”