Kushoto kwa Moyo

"Huu ndio upande wa kushoto," mwalimu wa tuisheni alisema, akiugusa kwa kalamu moyo wa mbuzi aliokuwa ameununua asubuhi kwa buchari ya Kitengela. "Mtihani wa kuingia udaktari ni Jumamosi, na hilo swali halikosi."

Fartun aliitazama karatasi yake ya jaribio la jana. Jibu lake lilikuwa kinyume, na lilikuwa limepigwa X nyekundu.

Babake huuza nyama ya mbuzi. Mioyo yeye mwenyewe amepasua tangu akiwa darasa la tatu.

"Naomba nishike huo moyo, mwalimu."

Aliubinya kwa kidole gumba. Upande ule mwalimu aliouita kushoto ulibonyea kwa urahisi. Wa pili ulikataa, mnene, mgumu kama msuli wa paja.

"Hii ngumu ndio inasukuma damu mwili mzima. Hii ndio kushoto. Uliilaza kifudifudi, mwalimu."

Mwalimu aliubinya mwenyewe, akaugeuza, akaubinya tena. Kisha akajipangusa vidole, akakusanya karatasi zote za darasa na kumwekea Fartun mbele, kalamu nyekundu juu yazo.

"Anza na yako," akasema.