Kalunguyeye Chini ya Bawa la Kanga

Kalunguyeye alikuwa mwalimu wa Neno, na hakuna mnyama aliyemshinda kwa kufafanua Zaburi. Jumapili moja aliwaeleza wenzake jinsi Mungu anavyowaficha watu wake chini ya mbawa zake.

Mama Kanga, aliyekuja na vifaranga vyake, akasema, "Kumbe ni kama mimi na hawa, Mwalimu."

"Hapana, mama. Hilo ni fumbo kubwa. Usililinganishe na mambo ya kiotani."

Walipokuwa wakirudi nyumbani, mvua ya mawe iliwakuta mbugani. Jiwe la barafu lilimpiga Kalunguyeye puani, akapiga yowe. Mama Kanga alikuwa ameshawafunika wanawe. Akainua bawa moja.

"Ingia, Mwalimu!"

"Nitakuchoma kwa miiba yangu!"

"Wewe ingia tu!"

Akaingia, na kwa hofu miiba yake yote ikasimama. Mama Kanga alishtuka kwa maumivu, lakini bawa hakuliinua mpaka mvua ilipokatika.

Kalunguyeye alipotoka, aliona damu kifuani mwa Mama Kanga.

"Mbona hukunifukuza, mama?"

"Ungekwenda wapi, Mwalimu?"

Zaburi aliyoifundisha miaka yote, Kalunguyeye ndio kwanza alikuwa ameielewa.