Moshi wa Udi Wodini

Bi Mwanahawa alikuwa ameliziba dirisha la wodi kwa kanga yake, baridi isimwingie mjukuu wake kifuani. Ndeshi, mtafiti aliyekuja kupima hewa, alimwomba aitoe.

"Mwanangu, unataka kuniulia mtoto?"

Ndeshi aliwasha kijiti cha udi karibu na kitanda cha jirani, alikolala mzee anayekohoa. Moshi ulipanda, ukakosa pa kutokea, ukaelea taratibu hadi usoni pa mtoto.

"Na pumzi ya mzee inapita hapo hapo, bibi."

Mzee akajiziba mdomo kwa aibu. Bi Mwanahawa akaichomoa kanga, akamfunika nayo mjukuu wake mpaka kidevuni. Upepo uliingia. Moshi ukayumba juu ya mtoto, na bibi akaukodolea macho, amebana pumzi, akingoja kuona kama utatoka.